Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi: tupeane uzoefu wa vyanzo vyake

Spana_10
Wakuu, tuiongelee ile taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara. Gari nyingi zenye tatizo hili hufunguliwa matairi yote manne kabla mtu hajatazama kikopo cha mafuta ya breki. Kwa hizi Toyota ndogo (IST, Vitz, Premio) fuata mambo matatu: handbreki haijashuka yote au swichi yake imekwama, mafuta yamepungua na boya la kwenye kikopo limeshuka, au mfumo wa kugawa nguvu za breki umegoma, na hapo taa ya njano ya ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga) huwaka pamoja nayo. Anza na rahisi. Pandisha na ushushe handbreki. Bado inawaka? Chomoa soketi ya swichi ya kikopo. Ikizima, kosa liko kwenye usawa wa mafuta au boya lenyewe.

Mzee wa Dramu
Naongezea hapo. Mafuta kushuka si lazima yamevuja. Pedi zikilika, pistoni ya kalipa (kibanio cha pedi) inasogea nje na mafuta yanaifuata kujaza nafasi. Anayejaza mpaka MAX bila kuangalia pedi atajuta siku ya kuzibadilisha: ukirudisha pistoni, yanafurika na kula rangi ya bodi. Pedi ikifika milimita 3, badilisha. Usisubiri ibaki 1.

Mama Gia
Pedi kwanza, taa baadaye. Naunga mkono.

Kiwashio
Mmesahau chanzo cha nne. Taa ya breki na ya betri zikiwaka pamoja, usiguse tairi. Weka mita kwenye betri injini ikiwa imewaka: chini ya volti 13 ujue alteneta haichaji. Dayodi zake zikifa, magari mengi ya Kijapani huwasha taa zote mbili kwa mpigo.

Kitonga_Juu
Mmegusa mafuta, basi sikilizeni ya Noah. Imetoka Iringa, imejaa abiria na mizigo, inashuka mlima Kitonga gia ikiwa D, mguu kwenye breki tangu juu. Katikati ya kona pedeli ikaenda mpaka sakafuni, laini kama inakanyaga sponji. Dereva akateremsha gia 2 halafu L, akawa anapampu pedeli harakaharaka huku akivuta handbreki kidogokidogo, gari ikasimama imeegemea ukingo wa upande wa mlima. Sasa utamu uko hapa: baada ya nusu saa pedeli ikarudi ngumu kabisa! Fundi wa chini akafungua, akakuta hakuna kinachovuja, akasema dereva alipaniki.

Tairi_Kipara
Duh. Hapo pedi ziliungua tu, mbona jambo la kawaida.

Kitonga_Juu
Siyo mkuu. Soma tena. Pedi zikiungua pedeli inabaki ngumu, harufu inajaa, gari ndiyo haisimami. Pedeli ikizama, kuna hewa au mvuke ndani ya mabomba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka nyuzi 205, ikishanyonya maji asilimia 3.7 huchemka 140. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na ushahidi umepotea.

Tairi_Kipara
Sasa si uweke DOT 5 umalize kazi?

Mzee wa Dramu
Ndiyo kuharibu huko. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine. DOT 4 ruksa mahali pa DOT 3, DOT 5.1 pia. Na mwaga yote ya zamani kila miaka 2. Gari dogo linameza karibu lita 1, kachupa ka nusu lita hakatoshi. Kwa gari la usukani wa kulia, toa upepo (hewa iliyo kwenye mabomba) kuanzia tairi la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Mama Gia
Na anayeweka haidroli ya usukani kwenye breki? Mipira ya masta (pampu kuu ya breki) na wilisilinda (silinda ndogo za kwenye matairi) zote inavimba. Hapo kusafisha hakutoshi, unabadilisha kila mpira ulioguswa.

Sensa31
Turudi kwenye taa. ABS peke yake ikiwaka, breki za kawaida zipo, ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla. Kwa Toyota nyingi huhitaji mashine: chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16, unganisha tundu 4 na 13 kwa waya, weka swichi ON, hesabu mimweko ya taa. 31 (mimweko 3, kisha 1) ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ukishatengeneza, ukiwa bado umeunganisha, kanyaga breki mara 8 ndani ya sekunde 5 kufuta. Usiangukie tundu 16, hilo ni la umeme wa betri moja kwa moja.

Tairi_Kipara
Au chomoa fyuzi ya ABS, maisha yaendelee 😂

Sensa31
Ukichomoa taa bado inawaka, na mgawo wa nguvu kwa matairi ya nyuma unaondoka nao. Utageuka na gari siku ya mvua.

Kiwashio
Kabla ya kununua sensa, uliza kama bearing ya tairi imebadilishwa karibuni. Zile zenye sumaku upande mmoja, ikifungwa kinyume sensa haisomi kitu.

Spana_10
Pedeli ikizama polepole ukiwa umesimama foleni na mafuta hayapungui: mipira ya ndani ya masta. Mafuta yakipungua na nje hakuna tone, fungua masta utazame ndani ya sevo (kisaidizi cha pedeli kinachotumia vakyumu), mara nyingi yamelala humo. Pedeli ngumu kama jiwe: zima injini, pampu mara tano, shikilia, washa. Isiposhuka kidogo, angalia hosi ya vakyumu, halafu sevo.

Mwenye Aqua
Aqua na Prius je?

Sensa31
Hizo zina pampu inayohifadhi presha. Inaweza kuunguruma ukifungua tu mlango wa dereva. Usitoe upepo kienyeji, tafuta mwenye mashine ya kuamrisha huo mfumo.

Mama Gia
Na tairi moja likichemka kuliko mengine?

Mzee wa Dramu
Jeki juu, legeza nati ya kutolea upepo. Tairi likiachia, presha imenaswa: hosi imevimba ndani au masta hairudishi. Lisipoachia, kalipa imeganda, anza na pini zake.

Tairi_Kipara
Pini unapaka grisi ya kawaida?

Mzee wa Dramu
Ya silikoni. Ya kawaida inavimbisha mpira, utarudi hapahapa kuuliza.