Gurudumu la mbao linacheza kiangazi: niliingize ziwani?

GariLaNg'ombe_Magu: Wakuu, heshima kwenu. Mkokoteni una magurudumu ya mbao ya kipenyo cha mita 1, spoki 12, vipande 6 vya duara la mbao, pete ya chuma nje. Tangu Juni pete inacheza na spoki mbili zinatikisika kitovuni. Nashauriwa niyalaze ziwani usiku kucha, au nipige kabari chini ya pete. Lipi sahihi?

Randa: Ziwani hapana. Mbao ikivimba ndani ya pete haina pa kwenda, nyuzi zake zinapondeka. Ikikauka inakuwa ndogo kuliko mwanzo. Maji nayo hubaki kwenye matundu ya kitovu na kuozesha ndimi za spoki (ncha zinazoingia kitovuni). Kuvimbisha mbao kwa maji waachie wa mashua, chombo chao hakirudi juani kila siku. Kabari ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kabla ya kumwita mhunzi, chomeka jani la msumeno kwenye maungio ya duara. Kama vipande vyote vimegusana na spoki bado zinacheza, hapo ndipo penye ugonjwa: pete inabana duara lenyewe, haisukumi spoki kitovuni. Toa pete, kata milimita 3 kwenye ungio moja. Wengi huruka hatua hii, wakakaza pete, spoki zikabaki vilevile.

Mhunzi_Igoma: Naongezea upande wa chuma. Pima mzunguko wa nje wa mbao baada ya kukata, kisha punguza pete ili ndani yake iwe pungufu kwa milimita 10, uchomelee. Pete ya mita 3.14 ikipata nyuzijoto 450 za Selsiasi hurefuka kama milimita 16, kwa hiyo itaingia. Ipashe mduara mzima kwa moto sawa, gurudumu likiwa limelala na kitovu kimezama kwenye shimo. Watu watatu wenye koleo, maji tayari kwenye ndoo: mbao itawaka papo hapo. Ukiipunguza kupita kiasi spoki zinapinda, gurudumu linakuwa bakuli.

GariLaNg'ombe_Magu: Asanteni. Na ulimi wa spoki moja umeoza?

Randa: Badilisha spoki nzima, usiunge. Tumia mkongo mkavu. Ukiwa mbichi utasinyaa na mwakani utarudi hapahapa. Pete ikishapoa, paka mafuta ya kitani mara tatu, kila tabaka likauke kwanza, hasa miisho ya mbao ambako maji hupenya. Ekseli futa grisi ya zamani yote kabla ya kuweka mpya. Mchanga wa ufukweni ukichanganyika na grisi unasaga bushi (bomba la kitovuni linalozungukia ekseli) kama msasa.