Ushirikishwaji wa watu wenye ulemavu kanisani: tutatokaje na sauti hii mbele ya kaunti?

KatibuKisauni aliuliza:

Bwana asifiwe, ndugu na dada.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo katika kanisa letu hapa Kisauni, Mombasa. Kwa miaka mitatu sasa tumekuwa na kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba mtu mwenye ulemavu anaingia kanisani, anaifuata ibada na anahudumu sawa na mshirika mwingine yeyote. Nimeleta swali, lakini kwanza naomba nieleze tulikotoka, kwa sababu swali limezaliwa huko.

Mlango wetu mkuu una ngazi tatu, kila moja kimo cha sentimita 15. Tulichanga fedha, tukamwita fundi, akajenga rampu ya urefu wa mita mbili, ikapakwa rangi na mchungaji akaiombea. Jumapili ya kwanza alifika dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, akaitazama, kisha akasema kwa upole kwamba hataweza kuipanda peke yake. Wahudumu wawili wa mlangoni walimsukuma, na kabla hawajafika juu magurudumu ya mbele yakainuka. Niliuona mkono wake ulivyong'ang'ania ukingo wa ukuta, na wanakwaya waliokuwa wakijipanga nyuma yake wakanyamaza ghafla. Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mlalo, kwa hiyo kimo cha sentimita 45 kinadai rampu ya mita 5.4. Tulibomoa na kujenga upya kwa kuizungusha ubavuni mwa jengo. Aliyeisimamia kazi mara ya pili ni dada yule yule, tepu ya kupimia mkononi, na fundi alimsikiliza.

Mkalimani wa lugha ya ishara naye tulimkosea. Tulimsimamisha mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, tukawa tunashangaa kwa nini viziwi wetu wanakunja nyuso ibada nzima. Leo anasimama mbele ya ukuta mtupu, karibu na mimbari, na mmoja wa viziwi hao ni msomaji wa Neno kwa ishara kila Jumapili ya pili ya mwezi.

Sasa tumefika langoni, na hapo ndipo tumekwama. Kutoka kituo cha matatu hadi kanisani ni mwendo wa dakika chache tu, lakini mtaro hauna kifuniko, njia ya waendao kwa miguu imejaa vibanda, na matatu nyingi hazimsimamii mtu mwenye kiti, au zinamtoza nauli ya pili kwa sababu kiti kimekunjwa na kuwekwa juu ya siti. Mwaka jana viziwi wetu wanne walihudhuria mkutano wa kutoa maoni ya umma kuhusu bajeti. Hapakuwa na mkalimani. Waliketi saa mbili, wakatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, wakarudi nyumbani bila kujua lililosemwa, na orodha ile bila shaka inaonyesha kwamba walishirikishwa.

Tungependa washirika wetu wajitokeze na kuyasema haya hadharani, mbele ya wawakilishi wa wadi na maafisa wa kaunti. Wengi wanasita. Wako wanaosema hiyo ni siasa, wako wasiojua waanzie mlango gani, na baadhi ya wenzetu wenye ulemavu wamechoka kusimamishwa mbele za watu kama kielelezo cha shida. Mngekuwa ninyi, mngewahimizaje?

MzeeWaKanisa_Likoni alijibu:

Mwanangu katibu, nakupongeza kwa kazi hiyo, na ninaposema nina wasiwasi usidhani kwamba naipinga.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, nimeona jinsi jambo jema linavyotekwa. Mnapeleka kilio cha mtaro, mheshimiwa anakuja Jumapili na wapiga picha, anakabidhiwa kipaza sauti, na kufikia mwezi unaofuata kikundi chenu kinaitwa kikundi cha fulani. Mnakumbuka kwamba mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alitangaza kuwa wanasiasa wasihutubu tena katika ibada za kanisa hilo. Hakufanya hivyo kwa kuwachukia, bali kwa sababu madhabahu ilikuwa imegeuka jukwaa. Mimi ningewashauri mmwendee mwakilishi wa wadi kimyakimya, watu watatu wenye busara, mumweleze, mumwachie Mungu. Mkiwatoa washirika wote barabarani, hamtaweza kuamua ni nani atakayewafuata nyuma.

KaraniMstaafu alijibu:

Shikamoo mzee. Hofu yako ina msingi na sitaki kuipuuza, ila naomba tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Katazo la mwaka 2021 lilihusu mwanasiasa kuja kwenye mimbari yetu. Halikumkataza mwamini kwenda mwenyewe, kwa miguu yake au kwa magurudumu yake, kwenye meza ya umma ambayo Katiba imemwandalia. Tena naona kwenda kimyakimya ndiko kunakozaa utekwaji unaouogopa, kwa kuwa mazungumzo ya faragha hayaachi karatasi, na mtaro ukifunikwa utaitwa zawadi ya mheshimiwa. Ombi lililoandikwa na kupigwa mhuri wa kupokelewa linabaki kuwa la walioliandika.

Ndugu katibu, kwa kuwa nilifanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi, nitakueleza njia jinsi ninavyoijua. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari kwa kiwango kinachofaa, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu. Kifungu hicho hicho kinataka aitwe kwa majina yasiyomdhalilisha, jambo ambalo baadhi ya matangazo yetu ya kanisani bado hayajalifikia. Kuna pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Vitajeni katika ombi lenu, kwa sentensi moja au mbili tu, msije mkaandika hotuba.

Haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi liandikwe kwa lugha ya heshima, kwa Kiswahili au Kiingereza, lielekezwe kwa karani wa bunge, lieleze tatizo ni lipi na ni juhudi gani mmefanya kabla ya kufika hapo, liseme kama shauri hilo liko mahakamani au la, kisha lifunge kwa kutaja waziwazi mnachotaka kitendwe. Kila anayetia sahihi aandike jina na nambari ya kitambulisho, na asiyeweza kutia sahihi aweke alama ya kidole. Nimeona maombi mengi yakikwama kwenye hiyo sehemu ya mwisho, kwa sababu watu huandika kurasa tatu za uchungu na kusahau kusema wanataka nini.

Wakati nao una uzito wake. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo anayekuja na mtaro wake mwezi wa Juni amekuta sahani zimeshaoshwa. Mkakati wa fedha hutangulia, kufikia 28 Februari, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutayarishwa kufikia 1 Septemba. Ingieni mapema, hapo Septemba.

Jambo jingine ni kujua mlango wa nani mnaubisha. Chukulieni mfano wa kivuko cha Likoni. Jedwali la Nne la Katiba linataja feri katika majukumu ya kaunti, lakini kivuko hicho kinaendeshwa na shirika la serikali kuu, kwa hiyo anayetaka njia ya kiti cha magurudumu iangaliwe, hasa maji yanapokupwa wakati wa bamvua na mpando kuwa mrefu, hatapata jibu kamili kwa kuandika kaunti peke yake. Kwenu Kisauni, ulizeni kwanza kama barabara hiyo ni ya kaunti au ya serikali kuu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuwajibu.

Mwisho, Katiba inataka bunge la kaunti liwe na wajumbe wa kuteuliwa kwa niaba ya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu. Mwandikieni mjumbe huyo nakala. Ni wajibu wake kuijua barua yenu.

MikonoYangu alijibu:

Mimi ni kiziwi, ni mshirika wa kanisa moja Changamwe. Nawaomba mnisamehe kama Kiswahili changu kina makosa, kwa sababu lugha yangu ya kwanza ni ya ishara, na Kiswahili nilikijia darasani kama wengine wanavyojifunza Kifaransa.

Nimesoma majibu yote mawili ya wazee wangu kwa heshima. Yanazungumzia nani aende, lakini hakuna aliyeuliza ni nani ameamua kinachopelekwa. Katibu ameeleza kisa cha rampu, na jibu lake limo ndani ya kisa hicho. Mara ya kwanza mlijenga kwa kumhurumia dada, mara ya pili mlimpa tepu. Sasa mkienda kaunti msirudi kwenye mara ya kwanza.

Niliwahi kupelekwa kwenye mkutano nikiwa nimeketi mstari wa mbele. Mwenye kusema alinionyesha kwa kidole mara tatu, watu wakageuka kunitazama, wengine wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mkalimani alinieleza kila kitu, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba katika maneno yote yaliyosemwa juu yangu hakuna hata moja lililokuwa langu. Niliporudi nyumbani niliamua kwamba sitakwenda tena, na nilikaa miaka miwili bila kwenda.

Kilichonirudisha ni jambo dogo. Dada mmoja wa jumuiya yetu alikuja nyumbani na daftari, akaniandikia: "Wewe ungetaka kusema nini?" Tukakaa mchana kutwa, na hotuba ya dakika nne ikatoka. Tulifanya mazoezi mara sita na mkalimani yule yule ambaye angekuwa nami siku ile, kwa sababu mkalimani asiyekujua anaweza kukufanya uonekane mtoto. Siku ya mkutano mwili ulinitetemeka, lakini waliponiuliza swali nilijibu mwenyewe, na swali la pili pia.

Kwa hiyo, kaka katibu, hao waliochoka kusimamishwa kama kielelezo hawajachoka kusema. Waulizeni kama wangependa kuongoza kikundi chenyewe. Je, mwenyekiti wenu ni mtu mwenye ulemavu? Mweka hazina je? Ninauliza kwa nia njema.

JiraniWaMsikiti alijibu:

Salaam kwenu nyote. Mimi si wa kanisa, ni Mwislamu, lakini naishi Kisauni na nimeguswa na habari ya ule mtaro, kwa maana najua mitaro ya namna hiyo. Mama yangu anatumia kiti tangu alipopata kiharusi. Ijumaa nikimpeleka kwa dada yake lazima nimshushe kwenye kiti, nimbebe, nimketishe kwenye kizingiti cha duka la watu, nirudi kuvusha kiti, nimbebe tena. Mwenye duka ni mwema, huwa anatutilia mkeka.

Barabara haiulizi dini. Mkipeleka ombi likiwa na sahihi za washirika wa kanisa peke yao, atatokea mtu aseme ni mambo ya kanisa. Mkija kwa imamu wetu na kwa walimu wa madrasa, naamini hatutakosa mtu. Hapa Mombasa viongozi wa dini wamezoea kuketi pamoja mambo ya amani yanapoharibika. Sioni kwa nini tungojee mambo yaharibike. Hili pia litamtuliza mzee wa Likoni, kwa sababu kikundi chenye watu wa kanisa na wa msikiti ni vigumu mheshimiwa mmoja kukitia mfukoni.

MzeeWaKanisa_Likoni alijibu:

Nimesoma yote. Binti wa Changamwe, maneno yako yameniingia, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kumwonyesha mtu kwa kidole namna hiyo kanisani, nikidhani namheshimu. Pole sana, mwanangu.

Naondoa shauri langu la kwenda kimyakimya. Lakini katibu, wekeni jambo moja kwa maandishi kabla hamjatoka: kwamba hakuna mgombea wala mwenye cheo atakayepewa kipaza sauti katika shughuli za kikundi, na kwamba msaada wa fedha kutoka kwa mwanasiasa hautapokelewa. Mkiandika mapema, siku akija hamtakuwa na la kubishana.

KatibuKisauni alijibu:

Nawashukuru kwa dhati. Nilipeleka majibu haya kwenye kikao chetu, nikayasoma yote huku mkalimani akifasiri.

Swali la MikonoYangu lilitushika. Mwenyekiti wetu hana ulemavu, mweka hazina hana, na mimi sina. Katika viti vyote vitatu hakuna mmoja, baada ya miaka mitatu. Mwenyekiti alisimama mwenyewe akaomba apumzike, na dada aliyesimamia rampu amekubali kushika nafasi hiyo hadi uchaguzi wetu. Jambo lake la kwanza lilikuwa kupunguza ombi. Tulikuwa tumeorodhesha mambo kumi na moja. Amebakiza mawili tu: kifuniko cha mtaro na njia iliyo wazi kutoka kituoni, pamoja na mkalimani wa lugha ya ishara katika kila mkutano wa maoni ya umma kwenye wadi yetu. Habari ya nauli ya kiti itazungumzwa kwanza na wenyewe wenye matatu kituoni, kwa kuwa anaona hapo hahitaji bunge.

Sharti la mzee limeandikwa na limetiwa sahihi. Barua ya kuuliza barabara ni ya nani imepelekwa, na tunahesabu zile siku 21.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunakutana kituoni kupima njia yote hadi kanisani na kuendelea mpaka msikitini: upana, kina cha mtaro, na mahali kila kibanda kilipo. JiraniWaMsikiti, tafadhali njoo na mama kama ataweza. Mwenyekiti amesema vipimo vichukuliwe kutoka kwenye kiti chake na cha mama pia, kwa sababu viti hivyo viwili havilingani upana.