Mrejesho: gari nililoacha nikitembea hadi Diani

Niliwauliza niache wapi gari kwa usalama, nikitembea ufuoni kutoka Likoni hadi Diani na kulala Tiwi njiani. Asanteni nyote, tumerudi salama.

Nilifuata shauri la aliyesema nisivuke nalo kwa feri ya Likoni. Nililiacha kisiwani Mombasa, kwenye kituo cha mafuta kinachokesha. Nilizungumza na msimamizi mwenyewe, tukaandikiana nambari ya gari na siku ya kurudi, nikalipa nusu kwanza. Kisha tukavuka feri kwa miguu, bure. Ndani ya gari sikuacha hata kofia. Nililikuta lina vumbi tu, na nyayo za paka juu ya boneti.

Ila jamani, atakayefuata aangalie maji kabla ya kuchagua siku. Mlango wa mto Mwachema, pale penye Msikiti wa Kongo, huvukwa maji yakiwa yamekupwa. Sisi tulichelewa, yakawa yameanza kujaa, yakatufika kiunoni, mikoba kichwani. Nilimhofia sana mdogo wangu. Heri tungesubiri.

Kurudi tulipanda matatu Ukunda hadi Likoni, kisha feri tena.