Mabao 260 ya Shearer: rekodi ya ligi ya England, au rekodi ya jina jipya la ligi?

MLETA MADA
Kila mshambuliaji anapofunga mfululizo huko England, watangazaji wetu humpima kwa mabao 260 ya Alan Shearer, ambaye hutajwa kuwa mfungaji bora wa muda wote wa ligi ya nchi hiyo. Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo imepewa jina lisilo lake. Mabao 260 katika mechi 441 ni rekodi ya Ligi Kuu iliyoanza Agosti 1992, na hapo hana mpinzani. Lakini ligi ya England imekuwapo tangu mwaka 1888, na aliyefunga mengi zaidi katika daraja lake la juu ni Jimmy Greaves, mwenye mabao 357 aliyoyafunga akiwa Chelsea, Tottenham na West Ham.

Anayedhulumiwa na hesabu hiyo ni pamoja na Shearer mwenyewe. Tarehe 9 Aprili 1988, akiwa na umri wa miaka 17 na siku 240, Southampton walimwanzisha kwa mara ya kwanza, dhidi ya Arsenal katika uwanja wa The Dell. Alifunga mabao matatu, timu yake ikashinda 4-2, na kwa mabao hayo akamvua Greaves rekodi ya kijana mdogo zaidi kufunga matatu katika mechi moja ya daraja la juu, rekodi iliyokuwa imedumu miaka 30. Hayo matatu hayamo katika 260, wala hayamo mengine 20 aliyoifungia Southampton katika ligi. Je, kipa wa Arsenal siku ile hakufungwa?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ndugu mleta mada, hesabu zako ni sahihi, ila unalinganisha nyakati zisizolingana. Msimu wa 1960-61 Greaves alifunga mabao 41 ya ligi na Chelsea kwa jumla ikafunga 98. Timu hiyo hiyo ikafungwa 100, ikamaliza nafasi ya 12. Milango ilikuwa wazi pande zote mbili. Shearer alipofunga 34 na kuipa Blackburn ubingwa mwaka 1995, mabeki walikuwa wamejifunza mengi, na alikwisha kurudi kutoka jeraha la goti la Desemba 1992 ambalo wengine wasingelipona.

MCHANGIAJI WA PILI
Tusisahau kwamba 56 kati ya hayo 260 ni penalti.

MLETA MADA
Penalti nayo ni bao, ndugu yangu, na aliyepewa mpira aupige alikuwa ameaminiwa na wenzake. Sioni sababu ya kuzitoa.

Kuhusu milango kuwa wazi, nakubali nusu. Mwaka 1961 Greaves alikwenda Milan, katika ligi iliyosifika kwa kukaba, akakaa miezi michache tu bila furaha, na bado alifunga mabao 9 katika mechi 12 za ligi kabla ya Tottenham kumrudisha nyumbani kwa pauni 99,999, ili asibebe mzigo wa kuitwa mchezaji wa pauni laki moja. Mtu wa namna hiyo hakuwa akiishi kwa uzembe wa mabeki wa Kiingereza.

Nakiri pia kwamba msimu wa 1992-93 ulianza na sheria ya kumkataza kipa kudaka pasi ya mguu wa mwenzake, lakini sheria hiyo iliwekwa kwa mpira wa dunia nzima. Katika ligi yenyewe, timu zilibaki 22, kila moja ikicheza mechi 42 kama msimu uliotangulia, na 19 kati yake zilikuwa zile zile. Kwa hiyo anayesema historia ilianza upya anieleze, mkataba wa televisheni ukiwekwa kando, ni nini kinacholitenganisha bao la mwisho la Shearer akiwa Southampton na yale mawili aliyoifunga Crystal Palace siku ya kwanza akiwa Blackburn.