UKOO WA BIBI MWANAIDI 🌴

*Shangazi Hamisi, 06:12*
Asalaam aleikum. Jumanne Yusra anapigwa ultrasaundi ya figo Dar. Nauli na kipimo 120,000. Nimetoa 30,000. Nani anafuata?

*Shangazi Hamisi, 06:50*
Tiki za bluu naziona. Semeni.

*Juma, 07:31*
Shangazi, tarehe 19 hii mfuko unapiga miayo 😂

*Shangazi Hamisi, 07:32*
Uvimbe hausubiri mshahara.

*Hamza Muscat, 09:05*
Si alipimwa majuzi akaonekana mzima? Tatizo si macho?

*Mama Yusra, 09:20*
Kaka Hamza, ni jambo moja. Kuna kipande cha kromosomu ya 11 alizaliwa hana. Jeni ya jicho na ya figo zimekaa jirani hapo, zimeondoka pamoja. Ndiyo maana hana kile kiduara cha rangi jichoni. Daktari kasema karibu nusu ya watoto kama yeye hupata uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo ya watoto. Unakua upesi na mtoto anacheza tu, haumwi. Kwa hiyo kila miezi 3, mpaka afike miaka 8.

*Juma, 09:24*
Ile kofia ya jua bado anavaa? Kama kocha wa Coastal 😂

*Biti Omari, 09:25*
😂😂 picha jamani

*Shangazi Hamisi, 09:26*
NAULI.

*Hamza Muscat, 09:40*
Nitatuma. Ila hela ya paa la bibi nilituma pia, na paa sijaliona hata picha.

*Shangazi Hamisi, 09:41*
Hamza, usianze. Unajua fundi alichotufanyia.

*Hamza Muscat, 09:41*
Sijui. Sikuambiwa.

*Mjomba Athumani, 10:15*
Ya paa yaacheni. Mtoto apelekwe Pangani kwa yule mama, akandwe tumbo. Kupima asiyeumwa kila siku ni kumtesa.

*Mama Yusra, 10:16*
Mjomba, tumbo lake haliminywi. Uvimbe ukiwepo unaweza kupasuka.

*Zuhura, 11:03*
Naandika anavyosema Bibi: "Salimu wangu tulimkanda siku nne. Tukasema bandama. Huyu asiguswe. Apelekwe."

*Mjomba Athumani, 16:41*
Nimesikia, mama.

*Juma, 17:02*
Nimetuma 20,000.

*Shangazi Hamisi, 17:03*
Ahsante mwanangu. Bado 70,000. Na nani anamsindikiza? Mama yake ana kichanga.

*Zuhura, 17:30*
Nina mtihani Jumanne, natoka saa sita.

*Shangazi Hamisi, 17:31*
Kipimo ni saa mbili asubuhi. Biti Omari?

*Shangazi Hamisi, 20:10*
Biti Omari??

*Hamza Muscat, 23:18*
Nipeni namba ya mama Yusra mwenyewe, nimtumie yeye.