Suti ya neoprini imeachia mshono: gundi ipi?

Mzamiaji7: Wakuu, suti ya kuzamia ya neoprini (mpira laini wenye vitundu vya hewa), unene milimita 5, imeachia mshono kwapani, kama sentimita 4, na goti limeanza kulika. Supaglu inafaa?

FundiMpira: Supaglu weka kando, mkuu. Ikikauka inakakamaa, na neoprini inavutika. Mpasuko utahamia pembeni tu ya pale ulipogundisha. Tafuta gundi ya neoprini, ile inayopakwa pande zote mbili.

Suuza suti kwa maji yasiyo na chumvi, ianike kivulini hadi ikauke kabisa hata ndani ya mpasuko, kisha futa kingo kwa spiriti. Mpako wa kwanza wa gundi uwe mwembamba. Huo utanywewa na vitundu vya mpira, usiubandike. Baada ya dakika 10 hivi paka wa pili, ungoje mpaka ukigusa inanata bila kung'ang'ania kidole. Hapo ndipo uunganishe, ukianzia ncha moja kidogokidogo, maana ikishashikana haisogezeki tena. Minya kwa nguvu. Usiivae kabla ya saa 24.

Mzamiaji7: Nikiunganisha ingali mbichi?

FundiMpira: Kiyeyushi kinanaswa ndani, gundi inabaki laini, na ukiingiza mkono tu inaachia. Wengi wanaharibu hapo hapo.

KinaKirefu: Kwapa linavutwa sana, gundi peke yake isiaminiwe. Ikishakauka, shona upande wa ndani, sindano ipite nusu ya unene tu. Ukitoboa hadi ng'ambo, kila tundu litapitisha maji.

Goti lahitaji gundi ya uretani, nzito kama asali. Zungushia utepe wa karatasi, mimina kidogo, tandaza kwa kadi ya plastiki iwe kama milimita 1, bandua utepe kabla haijakaza. Ukiijaza nene, kiraka hakikunjiki na kingo zake hubanduka. Na bomba la gundi hiyo lililofunguliwa likae kwenye friza, kwa sababu uretani hukauka kwa unyevu wa hewa. Kabla ya kulifungua tena liache lirudi kwenye joto la chumba.

FundiMpira: Naam. Atakayesoma hapa akiwa na suti kavu (ya kuzamia isiyoingiza maji) aangalie mpira wa shingoni na wa vifundo vya mikono ni wa aina gani: lateksi hukubali gundi ya pande mbili baada ya kufutwa poda yote, lakini silikoni hushikwa na gundi ya silikoni tu. Nyingine zote zitabanduka kama ganda.