Kwa nini lenzi ya bandia ilichelewa kuingia ndani ya jicho?

Mdadisi
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho, na kuna jambo moja linanitatiza. Jacques Daviel wa Ufaransa alianza kuitoa lenzi iliyopata ukungu mwaka 1747, ilhali kabla yake, kwa karne nyingi, waganga walikuwa wakiisukuma tu kwa sindano ili izame nyuma ya mboni. Hata hivyo lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949. Je, katika miaka 200 hiyo hakuna aliyefikiri kwamba kinachotolewa kinapaswa kurudishiwa badala yake?

Muuguzi wa Macho
Walifikiri. Mwishoni mwa karne ya 18, daktari aitwaye Casaamata alijaribu huko Dresden kuweka lenzi ya kioo, nayo ikazama nyuma ya jicho kwa kuwa hapakuwa na cha kuishikilia. Baada ya hapo wagonjwa waliendelea kutegemea miwani minene iliyokuza kila kitu na kuwapunguzia upana wa kuona. Kabla ya ganzi ya matone, ambayo Karl Koller aliionyesha mwaka 1884 kwa kutumia kokaini, kumkata jicho mtu aliye macho, akiwa anasikia maumivu yote, kulimlazimu daktari afanye haraka, na katika haraka hiyo hapakuwa na nafasi ya kupachika chochote.

Kilichofungua njia ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Daktari wa macho Harold Ridley alipowatibu marubani wa Uingereza aliona kwamba vipande vya plastiki ya akriliki kutoka kwenye vifuniko vya ndege vilivyopasuka viliweza kukaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkali. Akaichagua plastiki ya aina hiyo kutengenezea lenzi, na tarehe 29 Novemba 1949 akaanza kazi hiyo katika hospitali ya St Thomas'. Mgonjwa wa kwanza aliachwa na tatizo kubwa la kutoona mbali, kwa kuwa lenzi ilifuata umbo la ile ya asili ilhali plastiki hupinda mwanga zaidi. Kwangu mimi hilo halipunguzi ukubwa wa hatua yenyewe.

Msomaji wa Tiba
Nakubaliana na Muuguzi, ila ningependa tuwatendee haki waliompinga Ridley. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba walikuwa wakaidi tu. Daktari aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kitu kigeni hutolewa jichoni, kisha akaona baadhi ya lenzi zikihama mahali pake na macho mengine yakivimba au kupata presha, alikuwa na sababu nzito ya kusita. Lenzi zilizobuniwa baadaye ili zikae mbele ya mboni nazo ziliharibu konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) za wagonjwa wengi, na uharibifu huo ulionekana baada ya miaka kadhaa, wakati tayari zilikuwa zimeshawekwa.

Tena, madaktari wengi wa wakati huo walikuwa wakiitoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake, yaani utando mwembamba unaoizunguka, kwa hiyo mahali salama pa kuweka lenzi mpya palikuwa pakiondolewa katika upasuaji uleule. Ridley alikuwa sahihi kukibakiza sehemu ya nyuma ya kifuko hicho; taaluma ilirejea huko kwa wingi katika miaka ya 1970, baada ya hadubini ya upasuaji kuenea.

Mdadisi
Ahsanteni sana. Je, ile mashine ya mitetemo ya sauti inaingia wapi katika historia hii?

Muuguzi wa Macho
Hiyo ni kazi ya Charles Kelman wa New York, aliyeianza mwaka 1967 baada ya kuona kifaa cha daktari wa meno cha kusafishia meno kwa mitetemo. Lenzi huvunjwavunjwa ndani ya jicho na kufyonzwa kupitia mkato wa milimita 3 hivi. Hata hivyo faida hiyo ilikuwa ikipotea mara lenzi ngumu ya milimita 6 ilipotakiwa kupita, maana mkato ulilazimika kupanuliwa tena. Ndiyo sababu lenzi laini za kukunjwa zilizoanza katika miaka ya 1980 zilikuwa na umuhimu mkubwa kama mashine yenyewe. Lenzi huingizwa ikiwa imekunjwa, hujifungua ndani ya kifuko, na mara nyingi kidonda hujifunga bila kushonwa.